Cheo Hakistaafu

Miongoni mwa maombi ambayo wanajeshi wastaafu huipelekea serikali, lipo moja ambalo wengi hulicheka kabla hawajalisoma hadi mwisho: ombi la kupandishwa cheo baada ya kutoka jeshini. Pensheni iliyochelewa inaeleweka. Matibabu ya jeraha la zamani yanaeleweka. Lakini mzee aliyekwisha kurudisha sare na bunduki, asiye na kikosi wala zamu, anaandika akiomba aitwe luteni badala ya sajenti, na karani anayeipokea barua anajiuliza cheo hicho kitamfaa nini. Sura hii inashikilia kwamba ombi hilo ni halali kusikilizwa, na kwamba baadhi ya wanaolileta wana haki ya kukubaliwa. Wengine hawana, na nitaeleza kwa nini. Ila wote wanastahili jibu lenye sababu, kwa kuwa cheo ambacho mtu aliondoka nacho ni maandishi ya serikali kuhusu kazi aliyoifanya, na maandishi ya serikali yakiwa na kosa hurekebishwa, hata kama mwenyewe ameshakuwa mkongwe.

Tuanze na kile ambacho cheo hufanya baada ya mtu kutoka kambini, maana hapa ndipo kicheko kinapokosea. Malipo ya uzeeni hukokotolewa kutokana na mshahara wa mwisho, na mshahara wa mwisho hufuata cheo. Aliyeondoka koplo hulipwa kama koplo kila mwezi mpaka anapofariki, na wategemezi wake wakirithi chochote, wanarithi kwa kipimo hichohicho. Hatua moja ya ngazi aliyonyimwa akiwa na miaka thelathini na tano huendelea kumkata fedha akiwa na themanini. Halafu kuna jina. Kuanzia Gilgil hadi Molo, kuanzia Naivasha hadi Bahati, watu waliowahi kuvaa sare huitwa kwa vyeo vyao katika baraza la chifu, katika harambee, katika kamati ya shule, na mwishowe katika tangazo la kifo linalosomwa redioni. Jirani hajui mzee alipigana wapi wala aliongoza watu wangapi. Anachokijua ni kile kinachotangulia jina. Cheo ndiyo historia fupi ya maisha yake, na ikiwa historia hiyo imeandikwa vibaya, kila anayeitamka anarudia kosa.

Cheo hupatikanaje? Raia wengi hudhani ni tuzo ya ushujaa au umri wa kazi. Ukweli ni kwamba mambo kadhaa lazima yakutane kwa wakati mmoja: askari awe ametumikia muda unaotakiwa, awe amepita kozi na mitihani, awe na afya na nidhamu, mkuu wake ampendekeze, na nafasi iwe wazi. Jeshi lina idadi maalumu ya makapteni na idadi maalumu ya masajenti, na nafasi zikijaa, hata hodari husubiri. Kwa hiyo mtu anaweza kustahili bila kupata, na hakuna aliyemdhulumu. Hili ni lazima lisemwe mapema kabisa, kwa sababu maombi mengi huanguka papo hapo. Anayeandika kwamba alitumikia miaka ishirini kwa uaminifu na wenzake wakampita, bila kuonyesha kanuni iliyovunjwa, analeta uchungu wa kweli lakini haleti dai. Dai huanza pale ambapo sharti moja lilizuiwa na jambo ambalo halikupaswa kuwa na sauti: rangi ya ngozi, kabila, siasa ya wakati huo, hukumu isiyo ya haki, au faili iliyopotea mezani kwa mtu. Lipo pia dai la aina nyingine, lenye nguvu zaidi machoni pangu: la mtu aliyefanya kazi ya cheo fulani kwa muda mrefu, kwa amri ya maandishi, huku akihesabiwa na kulipwa chini yake.

Anayetaka kuona jinsi madai hayo mawili yanavyozaliwa hahitaji kutoka bonde la ufa la kati. Kikosi cha King's African Rifles, ambacho wazee wetu walikiita KAR au Keya, kiliundwa mwaka 1902, na kwa karibu miaka sitini kilikuwa na dari ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuitoboa. Angeweza kuwa koplo, sajenti, hata sajenti meja wa kikosi kizima, mtu ambaye maaskari mia kadhaa walimwogopa kwa mlio wa buti zake. Lakini uofisa ulikuwa wa Wazungu. Mwafrika mwenye miaka ishirini ya utumishi alihesabiwa chini ya Mzungu aliyeshuka melini juzi. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, karibu Wakenya laki moja waliandikishwa. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapenya bonde la Kabaw huko Burma katika mvua na malaria, na mwanzoni mwa Desemba 1944 ikaingia Kalewa kwenye mto Chindwin. Maofisa hawakutosha kwa vita vya ukubwa huo. Jeshi likabuni cheo cha kuwawezesha Waafrika kuongoza platuni bila kuwafanya maofisa: afisa wa waranti kamanda wa platuni.

Cheo hicho kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndani yake kuna kesi nzima. Platuni ni watu thelathini hivi. Katika jeshi lolote lililofuata mtindo wa Kiingereza, anayeiongoza ni luteni au luteni wa pili. Ndiye anayesoma ramani na kuamua nani atangulie kwenye kijito. Ndiye anayehesabu risasi kabla ya giza, na asubuhi ndiye anayetoa taarifa ya waliokufa. Mwafrika aliyepewa kazi hiyo alibeba mzigo uleule, akafa kwa risasi zilezile, na akahesabiwa katika daraja nyingine. Wala haikuwa kwamba Waingereza hawakuamini Mwafrika anaweza kuwa ofisa. Mwaka 1942 Seth Anthony wa Gold Coast, Ghana ya leo, alipewa kamisheni na baadaye akapigana Burma hiyohiyo. Walichokataa ni kumpa mtu wa Kenya, koloni la walowezi, cheo ambacho kingemlazimu kijana wa Kizungu kumpigia saluti. Katika miaka ya 1950 ikaletwa ngazi ya efendi, iliyokuwa juu ya maafisa wa waranti na chini ya maofisa wenyewe. Kamisheni kamili kwa Waafrika wa huku zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati bendera ilikuwa karibu kushushwa.

Malipo yalifuata dari hiyohiyo. Mwaka 2019, uchunguzi uliotangazwa na Al Jazeera kutokana na nyaraka za serikali ya Uingereza ulionyesha kwamba kiinua mgongo cha mwisho wa vita kilipangwa kwa rangi, hata Mwafrika akapata mpaka theluthi moja tu ya alichopata Mzungu wa cheo sawa katika jeshi hilohilo la kikoloni. Nchi ya huku inalijua jambo hili kwa njia nyingine pia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa makazi wanajeshi wa Kizungu ulitenga zaidi ya ekari milioni mbili za Kenya. Sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi, waliokuwa wametoa askari na wapagazi katika vita hivyohivyo. Anayesema leo kwamba utumishi ukiisha hesabu imefungwa hana budi kueleza kwa nini hesabu ya baadhi ya wanajeshi iliachwa wazi, ikalipwa kwa mashamba miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza. Serikali imewahi kuwatuza wanajeshi waliokwisha kuvua sare. Iliwachagua tu.

Kisha kuna Lanet, mwendo mfupi mashariki ya mji wa Nakuru. Mnamo Januari 1964, Kenya ilikuwa huru kwa wiki sita tu, na askari wa Kikosi cha 11 cha Kenya Rifles bado walikuwa chini ya maofisa wa Kiingereza na mishahara ya kikoloni. Tarehe 20 mwezi huo wenzao wa Tanganyika waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na tarehe 23 wakafuata wale wa Jinja, Uganda. Jioni ya tarehe 24, askari wadogo wa Lanet walitarajia kusikia habari ya nyongeza ya mshahara katika hotuba ya Waziri Mkuu, Jomo Kenyatta. Habari hiyo haikuja. Wakavunja ghala la silaha. Wanajeshi wa Uingereza wakaitwa, askari mmoja akauawa, na uasi ukazimwa. Wanajeshi 43 walifikishwa mbele ya mahakama za kijeshi, kikosi kikavunjwa, na wale 340 ambao wapelelezi waliridhika kwamba hawakushiriki wakaundiwa kikosi kipya, cha 1. Siutetei uasi, kwa maana askari anayechukua bunduki ya umma kudai haki yake anauweka hatarini umma huo. Lakini mambo yaliyodaiwa yalikuwa mshahara na vyeo, na baada ya usiku ule serikali iliboresha masharti ya kazi na kuharakisha kuwapandisha Waafrika. Nafasi zilizodaiwa kuwa haziwezekani zikawezekana. Waliokwisha kustaafu kabla ya Januari ile hawakuguswa na mabadiliko hayo. Waliondoka na vyeo vya dari ya zamani, na ndivyo walivyozikwa.

Sasa Lanet hiyohiyo ndiyo mahali pa Chuo cha Kijeshi cha Kenya, ambako makuruta wa uofisa huhitimu na kupewa kamisheni mbele ya Rais. Jambo ambalo mwaka 1944 lilihesabiwa haliwezekani kwa mtoto wa Kiptere au wa Machakos sasa ni gwaride la kila mara, na wazazi hulitazama chini ya miavuli. Ni fahari ya haki kabisa. Ila inatuonyesha kwamba dari ya zamani haikuwa kipimo cha uwezo wa waliokuwa chini yake. Ilikuwa amri, na amri hiyo ilikosea.

Baada ya uhuru chanzo cha madai kilibadilika, lakini madai hayakwisha. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilifanywa na askari wa Jeshi la Anga. Serikali ilijibu kwa kulivunja jeshi hilo zima na kuunda jingine, na wapo waliopoteza kazi, cheo na pensheni kwa sababu ya sare waliyokuwa wamevaa asubuhi ile. Aliyekuwa kamanda wao, Meja Jenerali Peter Kariuki, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka minne kwa kutozuia uasi. Alikwenda mahakama za kiraia baada ya miaka mingi, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikakubali kwamba haki zake zilivunjwa, ikampa fidia ya shilingi milioni 15. Naitaja kesi hiyo kwa sababu inavunja hoja moja ya kale: kwamba uamuzi wa jeshi kuhusu mwanajeshi ni wa mwisho, na hauna mtu mwingine wa kuugusa. Mahakama imeugusa, zaidi ya miaka thelathini baadaye, na nidhamu ya jeshi haikuporomoka. Lakini hesabu gharama yake. Ilihitaji jenerali, mawakili, na uhai mrefu. Sajenti wa Kuresoi mwenye faili ya karatasi nne hawezi kuifuata njia hiyo.

Njia zilizopo kwa sajenti huyo ni chache kuliko zinavyoonekana. Akiwa kazini, sheria ya jeshi inamruhusu kulalamika kwa mkuu wake na kupanda ngazi. Akishatoka, mlango huo anaupita kwa nje. Sheria ya Ajira ya 2007, inayomlinda mfanyakazi wa kiwanda pale Industrial Area ya Nakuru, haiwahusu wanajeshi. Katiba ya 2010 inampa haki ya kupata maamuzi ya kiserikali yaliyo ya haki na yenye sababu, na haki ya kupata taarifa zinazomhusu, lakini kuitumia Katiba ni kufungua kesi. Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022 ni hatua ya heshima, na imejikita zaidi katika usajili na maslahi yao. Pengo linabaki pale pale: hakuna chombo kinachojulikana na mwananchi wa kawaida ambacho kazi yake ni kusoma rekodi ya aliyestaafu na kuuliza kama ilikuwa sahihi. Marekani walikuwa na tatizo lilelile. Tangu mwaka 1946 wamekuwa na bodi za kurekebisha kumbukumbu za kijeshi. Wanaozikalia ni raia, na maombi hupokelewa hata baada ya muda uliowekwa ikiwa haki inataka hivyo.

Hapo Marekani ipo kesi inayosema yote. Charles Young alizaliwa mwaka 1864 na wazazi waliokuwa watumwa, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1889, na akapanda hadi kuwa mmoja wa maofisa Weusi wa juu kabisa katika jeshi lao. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani na ikawa wazi kwamba hatua inayofuata kwake ni ujenerali, madaktari walimkuta na ugonjwa na jeshi likamstaafisha. Mwaka uliofuata alipanda farasi kutoka nyumbani kwake Ohio hadi Washington, karibu kilomita 800, kuonyesha kwamba mwili wake ulikuwa mzima. Alirudishwa kazini siku chache tu kabla ya vita kwisha, akafariki Lagos mwaka 1922 akiwa kanali. Alipandishwa kuwa brigedia jenerali mwaka 2022, miaka mia moja tangu afe. Watu wake walikuwa wamelidai jambo hilo kwa vizazi, na waliochoka kulisikia walikuwa na jibu moja: marehemu hahitaji cheo. Jeshi lililomnyima lilikuwa linakihitaji, maana bila hicho daftari lake lilikuwa na uongo.

Pingamizi la kwanza linalostahili kujibiwa ni la kushusha thamani. Wanasema cheo kikigawiwa wastaafu, aliyekipata kwa jasho atajiona amedharauliwa. Hofu hii ina msingi, na historia ya jirani zetu inaithibitisha. Baada ya maasi ya Jinja, serikali ya Uganda iliyakubali madai kwa haraka, vyeo vikatolewa kutuliza mambo, na miongoni mwa waliopaa ni Idi Amin, aliyekuwa efendi mwaka 1959 na ambaye mwaka 1975 alijitangaza fildimashali. Wamarekani nao walikuwa na sheria iliyowapa maofisa wa jeshi la majini waliosifiwa vitani hatua moja ya juu siku ya kustaafu. Maadmirali wa makaratasi wakazidi, na mpango huo ukakomeshwa tarehe 1 Novemba 1959. Somo la mifano hii miwili ni kwamba cheo kinachotolewa kama fadhila huharibika. Marekebisho hayafanani na fadhila hata kidogo. Fadhila humtazama mwombaji na kuuliza anapendwa na nani. Marekebisho huitazama rekodi na kuuliza nini kilitokea. Kwa hiyo mtu anayeiheshimu thamani ya cheo ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kutaka bodi yenye masharti makali, kwa sababu pasipokuwa na bodi maombi haya hayafi. Hupelekwa kwa mbunge, kwa waziri, kwa mtu anayemjua mtu, na yakikubaliwa hukubaliwa gizani.

Kwa hiyo pia ni muhimu kutochanganya heshima na cheo. Kenya ina Sheria ya Heshima za Kitaifa ya mwaka 2013 na nishani zake, na mtu ambaye taifa linataka kumshukuru anaweza kushukuriwa kwa njia hiyo bila kugusa daftari la jeshi. Nafikiria hasa wapiganaji wa msituni wa Mau Mau. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kundi lililoongozwa na Mbaria Kaniu lilivamia kituo cha polisi cha Naivasha, likachukua silaha na kuwafungulia mahabusu. Ni miongoni mwa mapigo makubwa zaidi ya vita vile katika bonde la ufa. Watu wa Kaniu walikuwa na majenerali wao. Waruhiu Itote, aliyerudi kutoka Burma akiwa koplo wa KAR, aliitwa Jenerali China. Vyeo hivyo vilikuwa vya kweli katika jeshi lililovitoa, na wajukuu wana haki ya kuvitamka. Lakini havikuwa vyeo vya jeshi la Kenya, na serikali haiwezi kurekebisha rekodi ambayo haikuwahi kuiandika. Inachodaiwa kwao ni kutambuliwa, na ilichelewa mno: marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Deni hilo ni zito, ila lina mlango wake.

Pingamizi la fedha halinisumbui sana. Mwaka 2018 Uingereza ilitangaza pauni milioni 12 kuwasaidia wanajeshi wazee wapatao 7,000 wa nchi za Jumuiya ya Madola. Fungu hilo lilikuja wakati wengi wa waliolistahili walikuwa wamekufa, nalo linatuonyesha namna serikali zinavyookoa fedha kwa kuchelewa. Kwa upande wetu, masharti ya haki yanawezekana: anayekubaliwa aanze kulipwa kwa kipimo kipya tangu siku aliyopeleka ombi, na malimbikizo ya nyuma yawe kwa yule tu ambaye imethibitika kwamba alinyimwa kwa makusudi au kwa ubaguzi. Wanaobaki kwenye kundi hilo ni wachache. Hofu ya kwamba hazina itafilisika inawahesabu wote wanaotamani, wakati bodi ingewahesabu wanaoweza kuthibitisha.

Lenye uzito kuliko yote ni lile la walionyamaza. Kwa kila mzee anayejua kuandika barua na mwenye mtoto wa kumchapia, wapo kumi waliofanyiwa vilevile na hawakuomba. Je, si dhuluma mpya kumsikia mmoja na kuwaacha kumi? Nakiri kwamba pingamizi hili haliwezi kumalizwa kwa kusema waliolala wajilaumu. Wengi hawakulala. Hawakuambiwa, au walikufa. Jibu langu ni kwamba kosa lililotokana na kanuni lisisubiri barua. Kanuni iliyowazuia watu wa rangi fulani au wa kikosi fulani inajulikana, na walioguswa nayo wamo katika orodha za utumishi. Bodi ikiamua kwamba kanuni hiyo ilikuwa mbovu, iwe na wajibu wa kuzifungua faili zote za kundi hilo, pamoja na za marehemu, na kuwajulisha jamaa. Barua ya mzee mmoja iwe sababu ya kuanza, isiwe mpaka wa haki. Na kosa la mtu mmoja mmoja, kama faili iliyofichwa au ripoti ya siri iliyoandikwa kwa chuki, halina budi kubaki la aliyelileta na kulithibitisha, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kulijua.

Uthibitisho nao uwe wa aina gani? Kumbukumbu za wazee huteleza, na wapo watu wasio waaminifu ambao hununua beji na kujipa utumishi wasioutumikia. Bodi isiamue kwa machozi. Iamue kwa amri za kila siku za kikosi zinazoonyesha nani alikaimu nafasi gani na kwa muda gani, kwa vyeti vya kozi, kwa orodha za malipo, kwa cheti cha kuachishwa kazi na maneno ya mkuu wa kikosi yaliyoandikwa humo. Ushahidi wa wenzake usaidie, usitoshe peke yake. Lakini karatasi hizo ziko kwa nani? Mwanajeshi hakuruhusiwa kutoka na amri za kikosi mfukoni. Faili zilikaa kambini na makao makuu, na kama zimepotea, zimepotea mikononi mwa serikali. Mahali ambapo mwombaji ameleta mwanzo mzuri wa ushahidi na serikali ikashindwa kuleta faili ambayo ilikuwa wajibu wake kuitunza, shaka imwangukie mtunzaji. Bila sharti hilo, bodi itakuwa inamtuza aliyepoteza karatasi.

Kuna wanaosema mwisho wa yote kwamba askari hulelewa kutii na kutodai, na kwamba mzee anayedai cheo ameusahau ulezi wake. Naona kinyume. Mtu aliyefundishwa kwamba cheo kina maana, aliyepiga saluti maisha yake yote kwa nyota za wengine, hawezi kulaumiwa kwa kuamini alichofundishwa. Jeshi lenyewe ndilo lililomwambia kwamba tofauti ya ngazi moja si jambo dogo. Na mwaka 1964 ulituonyesha, kwa gharama ya uhai wa mtu, kwamba madai ya cheo yasipokuwa na mahali pa kusikilizwa hutafuta mahali pengine. Wastaafu hawana ghala la silaha la kuvunja. Wana kalamu, na ni jambo jema kwa taifa kuhakikisha kalamu inatosha.

Kinachotakiwa si kikubwa. Marekebisho ya Sheria ya Wanajeshi Wastaafu yanaweza kuunda bodi ya watu wachache, wengi wao wakiwa raia, na mwenyekiti wake awe mtu mwenye sifa za kuwa jaji. Isifungiwe makao makuu ya Ulinzi, Nairobi. Ikae pia Nakuru, Eldoret, Machakos na Isiolo kwa zamu, mahali ambapo mzee anaweza kufika kwa matatu na kurudi kwake kabla ya jua kutua. Mjane aruhusiwe kuomba kwa niaba ya marehemu. Maombi yajibiwe ndani ya mwaka mmoja, kwa Kiswahili ikiwa yaliandikwa kwa Kiswahili, na jibu litaje kumbukumbu zilizosomwa, kanuni iliyotumika, sababu ya kukubali au kukataa, na mahali pa kukata rufaa. Anayekataliwa apewe nakala ya rekodi yake ya utumishi pamoja na barua hiyo, bila malipo, kwa sababu wapo wengi ambao hawajawahi kuiona.